Mchumba Mwenye Ndege Kumi na Mbili

Mehtab Kaur alipotangaza nyumbani kwamba anataka kurusha ndege, hakuna aliyeshtuka. Walidhani anasema lile linalosemwa na kila kijana wa vijiji vya Jalandhar, India, kwamba anataka kupanda ndege aende zake. Kijiji chenyewe kilikuwa na ndege juu ya mapaa karibu yote, ndege za saruji zilizopakwa rangi, tumboni tangi la maji, na kila moja ilitangaza nani wa nyumba hiyo ameshavuka. Nyumba ya mkusanya kodi ilikuwa na ndege ya injini nne, kwa sababu wanawe wanne wako Uingereza. Fundi cherehani alikuwa na kijindege kisicho na mkia, maana mwanawe aliishia Dubai. Lakini katika ndege zote hizo hapakuwa na hata moja iliyochorwa mtu pale kwenye kiti cha mbele. Watu walizoea kuifikiria ndege kwa upande wa abiria tu.

Ilimchukua baba yake, Nirvair Singh, wiki nzima kuelewa. Alielewa siku Mehtab aliporudi kutoka Delhi na karatasi za daktari wa marubani: macho mazima, masikio mazima, moyo unakwenda kama saa. Nirvair alizisoma akiwa amesimama kando ya nyati wake, akamwuliza binti yake kama huko mbele kuna viti viwili au kimoja. Viwili, Mehtab akamjibu. Nirvair akasema afadhali, basi hatakuwa peke yake. Kisha siku mbili alizunguka mashambani. Siku ya tatu akauza shamba la kule kwenye mfereji.

Hilo ndilo lililokuwa shamba la kuuzwa. Lililobaki ni la kula. Kwa hiyo kila mtu pale nyumbani alijua bila kuambiwa kwamba shule itachaguliwa mara moja tu. Na kila mtu alimjua Kapteni. Kapteni alikuwa kijana wa kijiji cha pili aliyekwenda ng'ambo kusomea urubani, akakaa miaka miwili akisubiri zamu ya ndege, uwezo wa wazazi ukaisha, akarudi na miwani ya jua na saa arobaini za kuruka. Leseni inataka saa mia mbili. Sasa anauza makava ya simu kwenye kituo cha basi, na watu wakinunua humwuliza, "Kapteni, leo hali ya hewa ikoje?" Mehtab aliwahi kununua kava kwake. Hakumwuliza kitu. Alitazama tu mkono uliokuwa ukirudisha chenji, akaona bado umevaa ile saa kubwa ya marubani.

Kwa desturi ya huko, nchi ya kwenda huchaguliwa kwa kuangalia nani atakupokea uwanjani, basi kila jamaa akaja na nchi yake. Baba mdogo Jagtar alipiga simu toka Canada kusema kuna shule karibu na kwake kabisa. Mehtab alipoipima kwenye ramani akakuta ni siku tatu kwa gari, na miezi mitano ya theluji. Mama yake, Paramjit, alitaka New Zealand kwa dada yake, kwa sababu dada huyo anapika dengu kama za nyumbani. Hakuna aliyeuliza shule yenyewe ina nini. Mehtab akachoka, akaenda mjini kwa wakala.

Wakala, Bwana Chadha, alikuwa na ofisi juu ya duka la halua, na kuta zake zilijaa picha za vijana walioshika pasipoti huku wameonyesha meno yote. Alimtolea Mehtab kijitabu cha shule moja ya Texas, Marekani, iitwayo Nyota ya Upeo. Karatasi zake ziling'aa hata ukajiona uso. Kwenye jalada ndege kumi na mbili nyeupe zilikuwa zimejipanga, mbele yake wanafunzi wanacheka, na pembeni kuna bwawa la kuogelea la buluu. Mehtab alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipenda kila kitu, na bwawa kuliko vyote, ingawa hajui kuogelea. Chadha akamwambia nafasi zimebaki tatu. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni akamwambia zimebaki mbili. Ijumaa mlango unafungwa.

Nyumbani, Nirvair alinawa mikono kabla ya kukigusa kijitabu. Paramjit alisema hao wanafunzi wanaonekana wanakula vizuri. Ndipo Bibi Chanan Kaur, mama yake Nirvair, alipoweka chini bakuli la njegere alizokuwa akimenya, akaomba miwani yake.

Sasa huyu Bibi ni lazima ajulikane. Kwa miaka thelathini, katika vijiji kumi na kimoja, msichana yeyote aliyeposwa na mtu wa ng'ambo, wazazi wake walipita kwanza kwa Chanan Kaur. Maana posa za ng'ambo zina mambo. Atakuja kijana na gari, gari la kukodi. Atasema ana hoteli, kumbe ni kweli yuko hotelini, anaosha sahani. Atasema hajaoa, na ukimtafuta vizuri unamkuta na mke Toronto na mwingine Birmingham. Chanan Kaur alikuwa akiwachimbua mpaka mizizi, naye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Punjab. Waliomponyoka ni mmoja tu, yule aliyemwoa binti yake mwenyewe, na hiyo habari nyumbani haiguswi.

Alikitazama kijitabu vile vile anavyotazama picha ya bwana harusi, kwanza karibu, halafu mbali, halafu karibu tena.

"Huyu anacheka mno," akasema.

"Nani, Bibi?"

"Shule yako. Mchumba akipigwa picha na gari, jua gari si lake. Huyu kapigwa na ndege kumi na mbili."

"Bibi, hii ni shule. Hainioi."

"Utakaa kwake, utakula kwake, mali ya baba yako itaingia kwake, na siku ukirudi mikono mitupu watu watakuuliza wewe, hawatamwuliza yeye. Haya, nionyeshe tofauti."

Mehtab alimtazama baba yake amwokoe. Nirvair alikuwa ameona kitu cha maana sana kwenye ukindu wa mkeka.

Basi Bibi akaagiza daftari, akaanza kutaja maswali, na Mehtab akaandika kwa hasira hata kalamu ikatoboa karatasi. Je, ni ndugu wangapi wanaogawana hilo shamba, yaani wanafunzi wangapi kwa ndege moja. Wake waliotangulia wako wapi, wangapi wametulia na wangapi wamerudishwa kwao. Mama mkwe ni nani, tabia yake ikoje, na hao walimu walio chini yake wanadumu au wanakimbia. Siku za mvua huyu bwana anafanya nini. Mehtab alikuwa amesoma mtandaoni mashauri ya marubani usiku na mchana, na ilimwudhi kuona kwamba wao nao waliuliza haya haya, ila kwa maneno marefu.

Akasema basi, atawaandikia shule wamjibu. Bibi akamwangalia kwa huruma.

"Uwaulize wao? Mjukuu wangu, bwana harusi haulizwi. Anaulizwa muuza maziwa wake."

Kwa nchi ya Marekani, muuza maziwa wa Bibi alikuwa Balkar. Balkar ni mtoto wa mdogo wake Bibi, anaendesha trela la magurudumu kumi na nane, anaikatiza Marekani kila wiki, na hakuna mji asioujua kwa kituo chake cha mafuta. Bibi alimpigia simu ya picha. Balkar aliposikia neno kuchunguza akashika shavu.

"Mama mkubwa, nakuheshimu. Lakini mara ya mwisho ulinituma kwa yule daktari wa meno wa Chicago, nikang'olewa jino zima."

"Lilikuwa linakuuma?"

"Halikuwa linaniuma hata kidogo."

"Ndiyo tukajua si daktari. Msichana wa watu akapona, na wewe una meno mengine."

Balkar akakubali, akaomba tu safari hii asitakiwe kuruka. Alikuwa na shehena ya vitunguu ya kupitisha upande wa Texas. Bibi akampa masharti yake ya siku zote. Asipite lango kuu. Afike alfajiri, kabla wenyeji hawajajipamba. Ahesabu kwa macho yake, asihesabiwe. Na asiulize mtu swali kabla hajamlisha.

Jumatano jioni, wakati wa kukamua, simu ikalia. Kwa Balkar kulikuwa kunapambazuka. Nyumba nzima ikasogea. Hata Nirvair akaja na ndoo mkononi. Balkar alisimama nje ya wavu wa uwanja, kilemba kimemkaa upande kwa uchovu, akageuza simu ili waone.

Ndege alizoziona ni saba. Mbili hazikuwa na injini, mbele kuko wazi kama mdomo wa kibogoyo. Ya tatu nyasi zilikuwa zimepanda mpaka kwenye milango. Zinazoruka ni nne. Bwawa lipo, tena kubwa, ila halina maji. Wameweka humo viti vibovu. Kuhusu wanafunzi, alikuwa amewasha jiko lake la gesi kando ya trela akakaanga chapati za viazi, na harufu ilipoingia mabwenini wakatoka vijana kumi na mmoja wa kutoka India, wengine bado na blanketi mabegani. Walisema wako sitini kwa jumla. Wanapangwa kwenye karatasi ukutani, na jina likifika mbele ndege inakuwa imeharibika au mwalimu ameacha kazi.

Mmoja wao, msichana wa Kerala anayeitwa Sherin, alishika simu mwenyewe huku akitafuna. Bibi akamwuliza amekaa hapo muda gani.

"Miezi kumi na minne, Bibi."

"Na saa zako za kuruka?"

"Themanini na sita."

"Kwenu wanajua?"

Sherin aliacha kutafuna. "Wanajua sijambo," akasema.

Bibi alingoja msichana amalize chapati yake, ndipo akamwuliza lile swali ambalo huwauliza wote: kama ingekuwa leo, na bado hujaolewa, ungekwenda kwa nani? Sherin akacheka kwa mara ya kwanza. Halafu akasema yuko mama mmoja mwenye shule kaskazini, Oklahoma, mwendo wa saa tano. Hana kijitabu wala picha. Sherin alikutana na vijana wake wawili kwenye mtihani. Walikuwa wamemaliza yote kwa miezi kumi na mmoja, ila walimsema huyo mama kwa sauti ya chini, kama vile anawasikia. Na hapokei kila mtu. Balkar akadakia kwamba vitunguu vyake, kwa bahati, vinaelekea Oklahoma. Vilikuwa vinaelekea Louisiana, lakini Balkar alikuwa mtu wa damu moja na Bibi.

Mehtab hakutaka kusikia. Alisema ndege nyingine huenda zilikuwa angani wakati ule. Mama yake akamwuliza, gizani? Mehtab akasema huenda Balkar amekosea uwanja. Halafu akachukua kijitabu akapanda nacho darini, akakaa chini ya tangi, akalipiga jalada picha kwa simu yake, akaikuza ili awaletee ushahidi wa ndege kumi na mbili, moja baada ya nyingine.

Kila ndege ina namba mkiani, na hakuna mbili duniani zenye namba moja. Mehtab alizisoma kutoka kushoto. Alipofika ya tano akarudi ya kwanza. Akaenda ya tisa. Akausikia moyo wake, ule unaokwenda kama saa. Kisha akateremka ngazi, akasimama mbele ya baba yake.

"Ni nne," akasema. "Wamezirudia mara tatu. Hata huyu kijana anayefunga kamba za kiatu, ni yeye yule, kiatu kile kile, yuko mahali patatu."

Bibi akaomba kumwona huyo kijana. Akamtazama sana. "Maskini," akasema, "mgongo lazima unamuuma."

Alhamisi Chadha akaja mwenyewe kwa pikipiki, jasho linamtoka. Shule ilikuwa imempigia: mtu mwenye kilemba na trela la vitunguu amelisha wanafunzi wao na kuhesabu mali yao. Alisema shule za watu hazikaguliwi kama ng'ombe wa mnadani, na kwamba kesho jioni nafasi ya mwisho inakwenda kwa mwingine, na hakuna wakala Jalandhar nzima atakayeigusa karatasi ya Mehtab baada ya aibu hii. Alisema mengi. Nirvair alimwekea chai, akamngoja ainywe, akamrudishia kijitabu kikiwa kimefungwa kwenye gazeti.

"Bwana Chadha, wewe una vijana watatu. Umempeleka yupi huko?"

Vijana wote watatu wa Chadha walikuwa Ludhiana wakisomea uhasibu. Aliondoka hajamaliza biskuti.

Bado ilikuwa ni kutupa shule moja bila kuwa na nyingine. Mehtab aliipitisha siku hiyo akisafisha vitu visivyo na uchafu. Kwa kusema kweli alikuwa na hasira na Bibi kwa kuwa sahihi, na hasira zaidi na lile bwawa.

Habari za Oklahoma zilifika kesho yake. Balkar alikuwa anaongea kwa kunong'ona. Ndege ni sita, za zamani, rangi imepauka, lakini zote zina pua. Wanafunzi kumi na wanane. Wageni wanapokelewa kihalali pale. Serikali inaruhusu shule hiyo kutoa barua ya viza, hilo aliliona limeandikwa ukutani na muhuri. Kisha akasita. Bibi akamwuliza mbona ananong'ona.

Ilikuwa hivi. Balkar alikwenda moja kwa moja kwa mtu anayejaza ndege mafuta, kama alivyofundishwa, akaanza kumpeleleza taratibu. Mtu huyo alikuwa mwanamke mrefu mwenye ovaroli iliyolowa grisi, na kumbe ndiye mwenye shule, ndiye mwalimu mkuu, na ndiye fundi siku fundi akiugua. Jina lake Bi Hazel Tuttle. Ana miaka sitini na minane. Alimwuliza Balkar anampelelezea nani, na kwa kuwa alikuwa ameshika spana kubwa, Balkar akasema ukweli wote, mpaka habari za jino. Bi Hazel hakucheka. Alimwuliza, "Na huyo msichana wenu ana nini?" Akasema hatoi barua kwa mtu asiyemwona. Jumapili apigiwe, kwao itakuwa Jumamosi jioni.

Bibi alirudisha mwili nyuma akavuta pumzi ndefu. "Huyu," akasema, "ni mama mkwe."

Kosa likafanyika hapo, na ni kosa ambalo nyumba nyingine yoyote ya pale ingelifanya. Upande wa pili ukisema unataka kumwona msichana, watu hawaulizi unataka kumwona kwa ajili gani. Jumapili saa moja asubuhi sebule ilikuwa imetandikwa zulia la wageni. Sambusa zimekaangwa, ladu tamu za mviringo zimepangwa kwenye sahani ya maua. Mehtab alivishwa vazi la waridi lenye tarizi, akafundishwa upya na mama yake: ingia na sinia, tazama chini, usijibu mpaka uulizwe mara mbili, na ukijibu jibu kidogo. Mehtab alisema hii si posa. Paramjit akamwekea shungi sawa kichwani, akasema kila kitu ni posa.

Simu iliegemezwa kwenye mtungi. Uso wa Bi Hazel ukatokea, mkavu, umechomwa na jua, na nyuma yake Balkar ambaye alikuwa ameshashusha vitunguu vyake huko vilikotakiwa na kurudi kuja kutafsiri. Mehtab aliingia na sinia, akalinyoosha kwenye simu kama desturi. Bi Hazel akaziangalia sambusa.

Aliuliza kwanza hesabu msichana anazionaje. Paramjit akajibu kwamba ni mzuri, tena na kushona anajua. Aliuliza kwa nini anataka kurusha ndege. Nirvair akasimama akaeleza mambo ya mashirika ya ndege, akaketi. Aliuliza kama huwa anaogopa. Wote watatu wakajibu kwa pamoja kwamba haogopi kitu, na Bibi akaongeza kwamba aliwahi kuua nyoka.

Bi Hazel akasema neno, na Balkar akalitafsiri.

"Anasema amewasikia wote isipokuwa mmoja. Anauliza, huyo mwenye sinia ni nani."

"Si ndiye yeye," akasema Paramjit.

"Anauliza kama anaongea."

Mehtab aliweka sinia chini. Sinia lilikuwa zito kweli. Akainua macho, mama yake akaona, akakunja midomo. Bi Hazel aliacha kumtazama Balkar, akamwuliza Mehtab kwa Kiingereza cha polepole, na kuanzia hapo Balkar alibaki akiwanong'onezea wengine.

"Nani amechagua shule yangu?"

Macho yote yakaenda kwa Bibi. Ilikuwa rahisi kusema mimi. Mehtab alijua ndilo jibu linalotakiwa.

"Bibi yangu," akasema. "Mimi nilichagua nyingine. Kwa sababu ya picha. Ilikuwa na bwawa."

"Unajua kuogelea?"

"Hapana."

Paramjit alifumba macho. Bi Hazel hakubadili uso. "Na ulijuaje kwamba umekosea?"

"Nilisoma namba za mikia. Nilichelewa kuzisoma, lakini nilizisoma."

Huko desturi ni kwamba hapo msichana amemaliza, ananyanyua sinia na kutoka, na wakubwa wanaongea. Mehtab akanyoosha mkono nyuma ya mto, akatoa daftari lililotobolewa na kalamu.

"Na mimi nina swali," akasema.

Mama yake alimvuta vazi kwa nyuma. Balkar akamwambia Mehtab kwa Kipunjabi, haraka haraka, mwanangu usiniue, huyu bado ana spana. Mehtab akauliza hata hivyo, kwa Kiingereza chake cha shule.

"Wangapi umewarudisha kwao bila leseni?"

Bi Hazel alivuta kiti akakaa vizuri. "Kumi na mmoja. Katika miaka ishirini na miwili."

"Wa mwisho kwa nini?"

"Tulikuwa angani. Injini ikaanza kutoa mlio asioujua. Akanyamaza, ili nisimwone mjinga. Nilimwachia dakika nne nione. Hakusema. Tulitua salama, na jioni nilimkatia tiketi." Akasogea mpaka uso ukajaa simu. "Wewe ukisikia mlio usioujua?"

Mehtab alimtazama mama yake, ambaye bado ameshika pindo la vazi la waridi. Akamtazama Bibi, na Bibi safari hii hakumsaidia.

"Nitauliza," akasema. "Hapa nimeambiwa ninyamaze, na nimeuliza."

Balkar alipotafsiri hilo, Nirvair alitoa sauti ndogo kooni, akajifanya ni sambusa. Bi Hazel alipekua daftari lake mwenyewe, chafu kuliko la Mehtab. Akasema ana nafasi moja, mwezi wa tatu. Barua ya viza inaweza kutoka Jumatatu. Anaitaka au haitaki?

Bibi akainua mkono. Upande wa msichana haujibu siku ile ile. Siku tatu ndiyo adabu, wasije wakaonekana wana njaa. Akamwagiza Balkar aseme kwamba wamesikia, wamefurahi, na watakaa kama familia. Lakini Mehtab alikuwa bado anafungua kurasa. Aliuliza kama saa za kule zinakubaliwa Delhi wakati wa kubadilisha leseni. Bi Hazel akamtajia watano waliobadilisha, na kusema namba zao za simu atampa awaulize wao, si yeye. Aliuliza siku za upepo mkali wanafunzi wanafanya nini. Wanaosha ndege, akajibiwa, na wanasoma, na hawalalamiki mbele yangu. Mehtab akapiga mstari chini ya swali la mwisho. Akafunga daftari.

"Ninaitaka," akasema.

"Siku ile ile," Bibi akasema kwa uchungu, akiwaangalia ukutani mababu waliokuwa kwenye fremu. "Siku ile ile, tena kwa mdomo wake. Miaka thelathini sijaona." Akapangusa miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alipoivaa tena alikuwa ameshatulia, akavuta sahani ya maua, akamtia Mehtab ladu nzima mdomoni mpaka mashavu yakajaa, kisha Nirvair, kisha Paramjit ambaye bado alikuwa anatafuta pa kuweka uso.

Halafu akageukia simu. Neno halijawa neno, akamweleza Balkar, mpaka pande zote mbili zimetiwa utamu mdomoni. Upande wa pili je?

Balkar aliangaza huku na huku mle ofisini. Ladu hazikuwapo. Palikuwa na boksi lenye kitumbua cha Kizungu chenye tundu katikati na sukari juu, cha tangu asubuhi. Akakichukua kwa vidole viwili, akakisogeza mbele ya Bi Hazel Tuttle kama mtu anayemlisha simba, jicho moja likiwa kwenye spana.

Bi Hazel alikiangalia kile kitumbua. Akamwangalia Balkar. Akamwangalia Mehtab kwenye simu.

"Hili ni la lazima kwa ajili ya viza?"

Mehtab hakuweza kusema kwa ladu. Alimeza kwanza.

"Kwa viza hapana," akasema. "Kwa Bibi, ndiyo."

Bi Hazel akafikiri kidogo, akavua kofia, akafungua mdomo.